Nyuma ya Goli la Wageni

Namuwongo, 20 Januari 2025

Kaka Abdul-Karim,

Salamu za nyumbani nimempa Imamu akuletee kwa mdomo, maana karatasi hii nataka iwe ya mpira mtupu. Naandika Kiswahili kama ulivyoagiza, kwa kuwa afande anayesoma barua zenu hapo gerezani hajui Kinubi, na asichokielewa hakipitishi. Jambo, afande.

Umekaa? Jumamosi nilikuwa uwanjani. Mimi, Latifah, na miguu yangu hii iliyolala tangu utotoni, nimekaa ndani ya uwanja wa Gati FC nikatazama mechi mwanzo hadi mwisho! Timu uliyoiendeshea basi miaka yote ile, mimi nikiisikiliza kwenye redio huku nageuza kabalagala zangu za ndizi kikaangoni.

Klabu imeanzisha kitu inakiita Jukwaa la Wote, kwa ajili yetu sisi walemavu. Pikapu yao inatufuata hadi hapa relini, inatubeba watatu. Mmoja mimi. Wa pili Ulrich, yule Mkongomani asiyeona anayesuka viti vya kamba. Wa tatu Alanyo, muuza viatu vya mitumba mwenye mguu mmoja wa bandia. Mteja akilalamika kwamba kiatu kinabana, Alanyo hukivalisha huo mguu wa bandia na kumwuliza, "Mbona huyu hasemi kitu?"

Anayetusimamia anaitwa Ogwal. Alipofungua mlango wa pikapu alisema, "Karibuni nyumbani." Kaka, unajua Kampala nzima mimi huniambia pole. Pole sokoni, pole msikitini, pole hata nikiwa nacheka. Neno karibu nilikuwa nimelisahau linavyosikika. Nikalia kama mtoto, Alanyo akanicheka.

Tulikaa kando ya njia ya wachezaji, na kila mmoja akapita akitupa mkono. Nilimsimulia Ulrich mechi yote sikioni mpaka sauti ikakauka. Tulifungwa mbili bila, na wala sikujali.

Mdogo wako,
Latifah


Gerezani, Luzira, 29 Januari 2025

Mdogo wangu Latifah,

Barua yako ameisoma afande, kisha mimi, kisha wafungwa wa wodi yetu nzima. Afande anasema jambo sana.

Kelele za uwanja hufika mpaka huku juu. Gati ikifunga, ukuta unanguruma. Ikifungwa, hakusikiki kitu ila ndege. Jumamosi ile nilisikia ndege. Ningejua kwamba umo, ningesikiliza vingine.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Tangu nilipokubali kuendesha lile lori la magendo nikakuacha peke yako, sijaacha kujiuliza ni nani anakusukuma kuvuka reli. Sasa najua kwamba angalau Jumamosi yupo mtu.

Mwangalie mzee mmoja wa viatu vyeupe anayekaa jirani na kocha. Anaitwa Mshauri, jina lingine hana. Huyo ndiye aliyeniamuru niingize basi uwanjani kinyumenyume kila mechi, ili mkosi upotee njia usitufuate ndani. Siku moja nikagonga nguzo ya geti, taa ikapasuka, akasema hiyo ni ishara njema. Tukafungwa nne. Lakini mpaka leo kocha hapangi timu kabla Mshauri hajatikisa kichwa kukubali. Msalimie, ila usicheke mbele yake.

Kaka yako,
Abdul-Karim


Namuwongo, 17 Februari 2025

Kaka,

Mambo yamebadilika, na yamebadilika vizuri. Baada ya kufungwa mechi tatu mfululizo, klabu imetuhamisha. Sasa tunakaa nyuma kabisa ya goli la wageni, karibu kiasi kwamba nasikia kipa wao akitema mate. Na sikiliza hili. Wakati wa mapumziko, timu zinapobadilishana magoli, vijana wa klabu wanakuja mbio, wanatusukuma mpaka upande wa pili wa uwanja, ili kipindi cha pili nacho tuwe nyuma ya wageni. Niliwauliza kwa nini wanajichosha. Mmoja akanijibu, "Mama, tunawapereka kule muone magoli vizuli. Goli yetu inaingia kule." Hata mawaziri hawahamishwi ili wafuate magoli!

Tangu tuhamie hapo tumeshinda zote mbili. Ulrich sasa anajua goli limeingia kabla sijamwambia. Anasema wavu una sauti yake.

Hasara ni moja tu. Wachezaji hawatupi mkono tena, wanatokea mlango mwingine. Ogwal anasema ni mambo ya usalama. Nilikuwa nimeshaizoea ile mikono, lakini mtu hapati vyote.

Tamu nimekuwekea mwisho. Nilimweleza Ogwal kwamba madereva wa boda wanakataa kubeba kiti changu, ndiyo maana tangu ufungwe sijakutia machoni. Ameniahidi kwamba msimu ukiisha, siku ya Idd kubwa, pikapu itanipandisha huko kilimani. Nitakuja, kaka. Nitakuja na kabalagala za wodi nzima, na moja ya afande.

Mdogo wako,
Latifah


Gerezani, Luzira, 26 Februari 2025

Latifah,

Hapo pa Idd nimepasoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Nimemwambia kila mtu, hata wale nisiosemeshana nao. Njoo.

Kuhusu hicho kiti cha nyuma ya goli, nina wazo. Mpira ukipigwa vibaya unaweza kukuumiza usoni. Mwombe Ogwal awaweke kwenye mstari wa kati, mkae papo hapo vipindi vyote viwili. Hata mkikosa kuona goli moja mawili kwa karibu, si neno. Na kule kuvushwa wakati wa mapumziko mkukatae, kiti chako kimechoka, kitakatika gurudumu.

Mshauri bado yupo? Siku hizi anakaa wapi?

Nasema hivi kwa kukutakia mema, usije ukanielewa vibaya.

Kaka yako,
Abdul-Karim


Namuwongo, 24 Machi 2025

Kaka,

Nimefunga, kwa hiyo yote siyasemi. Lakini wivu haukupendezi! Miaka yote ulibaki ndani ya basi ukilinda mabegi, goli la karibu hukuliona, na leo mimi ninapoliona unataka nirudi mstari wa kati. Mpira ukinipiga usoni nitaurudisha.

Mshauri yupo, na wewe ulimsema vibaya bure. Ana roho kuliko wote pale. Mechi iliyopita alikuja mwenyewe nyuma ya goli, akatusalimu mmoja mmoja kwa mbali, akamwuliza kila mtu ana tatizo gani na lilianza lini. Hata daktari hana muda huo. Akamwambia Ulrich avue ile miwani yake myeusi, macho yapate hewa. Akamwambia Alanyo avue mguu wa bandia apumzike, na asiifunike ile sehemu iliyokatika, joto halifai. Mimi akanitaka nipandishe gauni kidogo ili miguu ipate jua. Hapo nilikataa, nikamwambia mimi ni Mwislamu na miguu yangu haijaomba jua. Akatabasamu, akaondoka.

Ulrich ndiye hakupenda. Anasema upepo wa ziwa unamchoma machoni, na kwamba watu wanaopita mbele yake wananyamaza ghafla. Nikamwambia asiwe mgumu, mtu akikufanyia wema uupokee. Akavua. Tukashinda tatu moja.

Ramadhani njema. Bado nakupenda, pamoja na huo wivu wako.

Mdogo wako,
Latifah


Gerezani, Luzira, 2 Aprili 2025

Latifah,

Natumaini Idd ilikuwa njema. Sisi tulipata pilau.

Mrudishie Ulrich miwani yake. Mwambie nimesema mimi, mtu asiyemjua. Alanyo naye avae mguu wake. Mshauri akiuliza, mwambieni ni amri ya daktari. Wewe ulifanya vizuri kukataa, na uendelee kukataa.

Nina maneno mengine, lakini barua si mahali pake. Nitakuambia siku ya Idd kubwa, uso kwa uso. Usiache kuja.

Kaka yako,
Abdul-Karim


Namuwongo, 28 Aprili 2025

Abdul-Karim,

Leo sikuiti kaka.

Jumamosi wageni walikuja na kipa mmoja mrefu, mpole wa sura. Kabla mechi haijaanza aligeuka akatutazama, akamwaga maji ya chupa chini, mstari mzima, kati yake na sisi. Kisha akanisogelea, akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Mama, mimi sina maneno na wewe. Lakini kwa nini unakubali hii kazi?"

Nikamwuliza kazi gani.

"Timu zote inajua," akasema. "Gati inaweka kisilani nyuma ya kipa."

Alilitamka kwa ulimi wa Kiganda, lakini kisirani ni kisirani. Neno hilo nimekua nalo, na wewe unajua. Yule mwenye duka pale kwetu alikuwa akinifukuza nalo asubuhi kabla hajapata mteja wa kwanza, nisije nikamfungia siku. Mama alikuwa akinipitisha njia ya nyuma, kwenye matope, ili asilisikie. Nilidhani nimelihama neno hilo. Kumbe wamelipandisha kwenye pikapu lije linichukue mlangoni.

Nikamwita Ogwal, nikamwuliza mbele ya Alanyo. Akatazama chini. "Latifah, mimi natumwa tu. Lakini gari si inakuja kukuchukua? Mpira si unaona? Nani ameumia?"

Alanyo alivaa mguu wake. Mimi nilimsimulia Ulrich kipindi cha pili kana kwamba hakuna kitu. Yule kipa alifungwa mawili, na kila goli aligeuka akanitazama. Kwenye pikapu ndipo nilipomwambia Ulrich. Akajibu kwamba yeye alijua tangu siku ya miwani, ila aliniona nimefurahi.

Kumbe mko wawili. Nilipofika nyumbani nilizitoa barua zako zote. Mstari wa kati. Miwani ya Ulrich. Mshauri anakaa wapi. Wewe ulijua tangu Februari, ukaniacha nishangilie. Nimemwona Ogwal muongo, nimemwona Mshauri mchawi, lakini aliyeniuma ni wewe.

Latifah


Gerezani, Luzira, 5 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nilijua. Niliposoma kwamba mnavushwa wakati wa mapumziko, nilijua hapo hapo, barua ikiwa bado mkononi. Mshauri namfahamu. Kitu akikiogopa hakiachi kipite, anakitafutia jirani wa kumtupia.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeambiwa karibu. Nikafikiri, dada yangu ana Jumamosi moja katika wiki, nani amenituma niende kuivunja? Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ya pili si nzuri. Nilitaka ile pikapu ikulete. Humu ndani mtu anaanza kusahau sura za watu wake, na yako ilishaanza kunipotea. Ningekubali wakuite jina lolote duniani, mradi wakufikishe hapa getini.

Sasa nakuomba jambo baya. Imebaki mechi moja. Gati wanahitaji sare tu ili wasishuke daraja. Nenda, kaa, nyamaza, waache wakuvushe. Baada ya hapo ni Idd, utakuja, tutakaa pamoja, kisha usikanyage tena uwanja ule. Mechi moja tu, Latifah. Naomba kwa ajili yangu, sisemi ni kwa ajili yako.

Ukikataa, sitakulaumu. Lakini usikatae.

Abdul-Karim


Namuwongo, 30 Mei 2025

Kaka,

Nimekurudishia jina lako, maana sina mwingine wa kumwambia haya.

Nilienda. Mpaka mapumziko ilikuwa bila kwa bila, na ingebaki hivyo Gati wangekuwa wamepona. Vijana wakaja mbio kutuvusha. Nikafunga breki.

Hatukuwa tumepanga mengi. Ulrich alivua miwani mwenyewe, akaiweka mfukoni, akashika mgongo wa kiti changu. Alanyo alifungua mguu wake akaupakata. Mimi nilikamata magurudumu kwa mikono yote miwili. Ogwal akaja akabembeleza, mwisho akapiga magoti kwenye majani. "Latifah, watanifukuza kazi." Nikamwambia hapa panatosha, mpira naona. Kule mbali nilimwona Mshauri amesimama kwenye viatu vyake vyeupe, anapunga mikono kama mtu anayefukuza kuku. Refa akapiga filimbi, ikawabidi watoke.

Basi kipa aliyekuja kusimama mbele yetu kipindi cha pili alikuwa wetu wenyewe. Ni Sadik, kijana niliyemshangilia msimu mzima, aliyenipa mkono ile Jumamosi ya kwanza. Aligeuka akatuona. Kaka, sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile. "Dada Latifah," akasema, "nakuomba."

Nilikaza breki.

Alicheza shingo ikiwa imegeuka nusu, jicho moja kwa mpira na jicho moja kwangu. Mwisho mwisho ukaja mpira laini, mpira wa kuokota, ukapita katikati ya mikono yake. Ulrich akasema, "Huo wavu ni wetu." Nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi mpaka Sadik alipokaa kwenye mstari wa goli na kuanza kulia.

Pikapu haikuwepo. Tulirudi kwa kufuata reli, Ulrich akinisukuma, mimi nikimwelekeza. Nilijiandaa kwa mawe na matusi. Hakuna aliyetupa jiwe, hakuna aliyefungua mdomo. Walitupisha! Watu wa soko lile, ambao siku zote wananisukuma mpaka kwenye mtaro, walijibana ukutani na mizigo yao ili tupite. Sijawahi kupata njia pana namna ile katika Namuwongo. Laiti mmoja angenitukana.

Tangu siku hiyo sijauza kabalagala hata moja. Alum, mteja wangu wa kila asubuhi, anaenda kuvukia reli kule juu ili asipite mbele ya kikaango changu. Mwenye nyumba wa Alanyo amemwambia atafute pengine. Tulitaka waone kwamba sisi ni watu tu. Badala yake wamekiona kisirani kikifanya kazi, mchana kweupe, na aliyewaonyesha ni mimi.

Idd siji, gari hakuna. Najua ulikuwa unangoja, na najua nimekunyima. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu swali moja na safari hii usinifiche. Jumamosi ile, uliposikia uwanja umenyamaza, uliwaza nini?

Mdogo wako,
Latifah


Gerezani, Luzira, 7 Juni 2025

Mdogo wangu Latifah,

Jana ilikuwa Idd. Nilioga, nikavaa, nikaenda kukaa panapokaa wanaongoja wageni, ingawa ulishaniambia huji. Sikutaka kubaki wodini. Wamejua kwamba wewe ni dada yangu, na humu wamejaa watu wa Gati. Wamesogeza mikeka yao. Nina nafasi kubwa ya kulala kuliko mtu yeyote gerezani.

Njia yako pana ya sokoni naifahamu sasa.

Swali lako nimelikwepa wiki nzima. Siku ile nilikuwa nafua nguo uani. Nilijua uko pale chini, ila sikujua kama utanisikiliza au utawakatalia. Uwanja ukanyamaza, nikasikia ndege. Sikumfikiria Sadik. Sikufikiria kwamba mikono ya kipa huteleza, kwamba timu iliyocheza vibaya mwaka mzima hufungwa, mambo ambayo mtu aliyekaa na mpira kama mimi anayajua vizuri. Nilikufikiria wewe. Na kabla sijajizuia, ulimi wangu ulikuwa umeshatamka kwa sauti, audhubillahi.

Unajua mtu hulitamka neno hilo akijikinga na nini. Nilikuwa najikinga na wewe, mtoto wa mama yangu.

Uliniomba nisikufiche, sijakuficha. Nimemwomba afande aipitishe barua hii kama ilivyo. Ameisoma yote, mpaka mwisho. Safari hii hakusema jambo.

Kaka yako,
Abdul-Karim